Topa za fondanti zinatoa jasho na vichwa vinaanguka, shida iko wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mamboleo hapa Kisumu, nalifupisha kidogo. Amekuwa akioka keki nyumbani kama mwaka mmoja sasa, na mwezi uliopita akapata oda ya kapkeki 24 za bathdei ya mtoto anafikisha miaka mitatu. Kastoma alitaka juu ya kila kapkeki kuwe na uso wa katuni, nusu ya kapkeki ziwe na simba na nusu ziwe na kiboko. Hizo nyuso za kupambia juu ndo tunaita topa, na zinafinyangwa kwa fondanti, yaani sukari inayokandwa kama unga wa chapati. Alizitengeneza Ijumaa usiku mpaka saa nane, akaziweka kwa kontena ya plastiki, akafunga kifuniko vizuri, akatia kwa friji. Jumamosi asubuhi akazitoa ziko sawa kabisa, akazipanga juu ya kapkeki zilizopakwa wipingi krimu, lakini kufika saa sita mchana zilikuwa zinang'aa kama zimemwagiwa maji, weusi wa macho umeteremka kwa mashavu, na vichwa vitatu vya simba vimeteleza vikalala kando pamoja na vijiti vyake vya meno. Anauliza kama anunue fondanti ya bei kali inayotoka nje, ama ni mikono yake ndo haifai hii kazi. Ana oda ingine ya kapkeki 12 Jumamosi ya wiki ijayo.

Dadangu, pole sana. Hiyo maneno ya mikono iondoe kwa akili kabisa. Picha uliyonitumia ya saa mbili asubuhi nimeikuza nikaiangalia moja moja, macho yamekaa kwa laini moja, masikio yanalingana, pua ya simba iko katikati, mtu ambaye mikono yake haifai hawezi kutoa nyuso 24 zinafanana hivyo. Na hiyo fondanti ya bei kali pia ingekuangusha vilevile, juu ingepitia njia ileile uliyopitisha hii yako. Kitu kimeharibu kazi yako ni unyevu, na umeingia mara tatu, nitakuonyesha penye umeingia kila mara.

Wacha nianze na yangu. Mimi hii kazi nimejifunzia Nakuru, nyumba yetu ilikuwa Section 58, na Nakuru iko juu kama mita 1,850 hivi, hewa ni ya baridi na imekauka, unatengeneza topa jioni unaiacha kwa meza, asubuhi ukiigonga na ukucha inalia ko ko ko. Sikuwahi kujua kuna mtu topa yake inakataa kukauka. Nikaolewa nikahamia Kisumu, oda yangu ya kwanza ilikuwa sungura 18 wa kukaa, nikafanya vile nimezoea, asubuhi nikapata masikio yote yamelala kwa mabega na sungura wengine wameinama kama wanasali. Nililia, sitakudanganya, maana mama wa mtoto alikuwa ameshalipa zote na sherehe ilikuwa saa saba. Kisumu iko chini, kama mita 1,130 tu, na ziwa liko hapo karibu, joto na unyevu vinatembea pamoja, sana sana ile miezi ya mvua ndefu, Machi mpaka Mei, na zile mvua za jioni zenye radi. Kwa hivyo video nyingi unaangalia YouTube zimetengenezwa mahali pana hewa ingine au kuna eyakondishona, ukifuata dakika zao hapa utaumia.

Sasa sikia vile iko. Fondanti karibu yote ni sukari, na sukari inavuta maji hata ya hewani, umeona vile aisingi shuga ikiachwa wazi inashikana mabonge. Topa mpya ikitoka mkononi mwako iko na maji ndani, na kazi ya kukausha ni kuyapatia hayo maji njia ya kutoka. Wewe ukaifungia kwa plastiki ikiwa bado mbichi, kwa hivyo usiku mzima maji yalikuwa hayana pa kwenda. Hapo ndo mara ya kwanza. Friji ilizifanya ngumu kwa sababu ya baridi peke yake, na ugumu wa baridi si ukavu, ukauona asubuhi ukadhani zimekauka. Alafu ukazitoa kwa friji ukaziweka kwa hewa ya Kisumu, ni kama ile chupa ya soda baridi ukiiweka mezani inaanza kutoa jasho kwa nje, topa nazo zikafanya vivyo hivyo, na hayo maji ya juu ndo yaliyeyusha rangi ya macho. Mara ya pili hiyo. Ya tatu ni wipingi krimu, ile ina maji mengi, ukiiwekea fondanti juu inaanza kula sukari kutoka chini, kile kisahani cha fondanti chini ya kichwa kinalainika, kijiti kinakosa mahali pa kushika, kichwa kinakuja chini. Ungekuwa umekosea moja tu pengine ungepona, lakini zote tatu kwa siku moja, hapana.

Basi tuanze na fondanti yenyewe. Umesema unajitengenezea na unaongeza gliserini vijiko viwili ndo isipasuke. Hiyo ni nzuri ukitaka kufunika keki nzima, maana gliserini kazi yake ni kushika maji ili fondanti ibaki laini. Topa unataka ikauke, sasa unaiwekeaje kitu cha kushika maji? Ya topa tengeneza kando bila gliserini kabisa. Mimi nafanya hivi: jelatini kijiko kikubwa kimoja naimwagia juu ya maji baridi robo kikombe, naacha dakika tano inywe, alafu naweka bakuli juu ya sufuria ya maji moto mpaka iwe kama maji masafi, isichemke, naongeza glukosi ile nzito ya majimaji nusu kikombe na Kimbo kijiko kikubwa kimoja, namwaga kwa aisingi shuga iliyochungwa gramu 900, nakanda mpaka iache kushika vidole. Naifunga na klingi, ile plastiki nyembamba ya kufungia chakula, nailaza usiku mmoja mezani. Kama umekosa muda nunua tu ile ya pakiti kwa duka la vifaa vya keki, ya hapa ama ya nje, zote zitakubali ukifuata haya mengine. Na soma pakiti ya jelatini kabla hujanunua. Kastoma Mwislamu lazima ujue ni ya ng'ombe na iko na alama ya halali, na familia zetu za Kihindi wale hawali nyama, jelatini ya aina yoyote hawali, kwa hao tafuta fondanti imeandikwa haina jelatini. Uliza mapema, usingoje siku ya kupeleka.

Kitu cha pili ni CMC. Wewe hujaitaja mahali popote kwa swali lako na nadhani huitumii. Ni ile poda nyeupe inauzwa kwa kakopo kadogo, inafanya fondanti ikaze na ikauke kwa ngumu. Kwa gramu 250 za fondanti weka nusu kijiko kidogo, lakini kwa Kisumu wakati wa mvua mimi napeleka mpaka kijiko kidogo kizima. Usizidishe hapo, ikizidi fondanti inapasuka kama matope ya Ahero wakati wa kiangazi kabla hujamaliza hata kuviringisha. Ukishaikanda ndani funga uiache nusu saa, utaisikia imebadilika mkononi, inavutika kidogo na inashika umbo. Kwa kapkeki 12 piga hesabu hivi, kisahani gramu 10, kichwa gramu 18, vitu vidogo vidogo gramu 4, jumla 32 mara 12 ni gramu 384, kwa hivyo andaa 450 ndo usikwame katikati na rangi imeisha, maana kurudia rangi ileile ni ngumu.

Na rangi ndo ilikumalizia macho. Tumia rangi ya jeli, zile chupa ndogo za rangi ya maji zinakuongezea maji kwa kitu unajaribu kukausha. Nyeusi usianze na fondanti nyeupe, utaweka rangi, uweke, uweke tena, mwishowe unapata kijivu kinachonata na kinachoacha ulimi wa mtoto umekuwa kama wa ng'ombe. Chukua gramu 100, kandia kakao vijiko viwili vikubwa, ikishakuwa hudhurungi nzito ndo uongeze jeli nyeusi kidogo tu. Kakao inakausha, ukiona inapasuka paka Kimbo kidogo kwa viganja uendelee kukanda. Nyekundu na nyeusi zichanganye siku moja mapema, rangi hizi zinaendelea kukolea zikikaa, leo unaona ni kama waridi, kesho ni nyekundu kamili. Alafu macho meusi yatengeneze mapema uyaache yakauke pekee yake kama masaa mawili ndo uyabandike, hapo hayatalia. Gundi yenyewe ni ya CMC pia, robo kijiko kidogo kwa maji vijiko viwili vikubwa, yaliyochemshwa yakapoa, tikisa uache mpaka kesho yake, mabonge yatapotea yenyewe. Ile ya kulowesha brashi kwa maji ya kikombe uache.

Sasa kiboko, maana oda yako ya pili umesema ni viboko 12 na nataka huyu umjue vizuri.

Kisahani kwanza. Sukuma fondanti ya bluu ama kijani mpaka unene wa milimita 3 hivi, kata duara ya sentimita 6, kama huna kikatio tafuta glasi ndogo ama kifuniko chenye hiyo saizi. Hivi visahani vifanye siku moja mbele ya vichwa, vikae vikauke vikiwa tambarare. Kichwa, pima gramu 18 za kijivu kwa mizani, usikadirie kwa macho, ukikadiria kiboko wa kwanza atakuwa mtoto na wa kumi na mbili atakuwa babu. Kijivu kizuri cha kiboko ni nyeupe, tone la nyeusi, na tone dogo zaidi la zambarau, bila hiyo zambarau anakaa kama simiti. Viringisha katikati ya viganja, mwanzo kwa nguvu ndo nyufa zifungane, alafu unalegeza pole pole mpaka mpira uwe laini kama yai. Kama kuna ufa hata mdogo rudi ukande, ufa hautajificha, ukikauka utafunguka. Viringisha kidogo uwe mrefu kama yai lenyewe, alafu chukua kidole cha mwisho, ukilaze juu ya katikati, zungusha mbele na nyuma polepole. Utaona panakuwa na kiuno, umepata kibuyu. Juu ya kibuyu ni paji la uso, chini penye pamejaa ndo mdomo. Laza hicho kibuyu kwa meza ukibonyeze kidogo na kiganja, nyuma kuwe tambarare na mbele kubaki na mviringo.

Tundu mbili za pua kwa ule upande mpana, tumia upande wa nyuma wa brashi, zipeleke juu kidogo ya mdomo na uziachanishe, kiboko pua zake ziko mbali mbali. Tabasamu nakata mrija kwa pembeni, nabonyeza nusu duara kila mwisho wa mdomo, alafu naunganisha na kisu mgongoni mwake. Macho nayo, hapa ndo watu wengi wanakosea, wanayaweka juu sana na karibu karibu, kiboko anakuwa mzee amekasirika. Yaweke chini, karibu na kile kiuno, na yaachane, hapo ndo sura ya kitoto inatokea mara moja, utaiona wewe mwenyewe. Mpira mweupe saizi ya punje ya mtama ubonyeze, juu yake ule mweusi mdogo kuliko huo, alafu nukta nyeupe kabisa ya mwisho kwa ncha ya kijiti, upande mmoja kwa macho yote mawili, ikiwa ni kulia ni kulia yote. Bila hiyo nukta jicho limekufa. Hiyo nukta ni sekunde mbili na ndo inafanya mtoto aseme ananiangalia. Masikio ni mipira miwili saizi ya njugu ndogo, ibonyeze katikati na kifuniko cha mviringo cha biro kilichooshwa, ifinye chini, ingiza kwa gundi. Meno mawili ya mraba yakitokea chini, makubwa kuliko unavyodhani inafaa. Mashavu unapaka na poda ya waridi ya kuliwa kwa brashi kavu, kavu kabisa, na ufanye hii mwisho ikishakauka.

Simba sitakawia kwake, kichwa ni duara tu, lakini nywele usizikate moja moja utakesha. Chukua kichungi cha chai kipya cha waya, sukuma fondanti laini ya machungwa kwa kidole ipite upande wa pili, itatoka nyuzi nyuzi, kata na kisu bandika kuzunguka uso. Haraka lakini, nyuzi zinakauka kama unaziangalia.

Umeona kwa kiboko wangu sijaingiza kijiti cha meno ndani mahali popote. Uso ukiulaza kwa kisahani haulazimiki kushikiliwa na chochote, gundi kidogo nyuma inatosha, na kidogo namaanisha kidogo, ukijaza gundi uso unaogelea. Vile vichwa vyako vya kusimama vilikuwa vizuri lakini mtoto wa miaka mitatu anashika topa anatia yote mdomoni, na ndani kuna kijiti chenye ncha mbili. Mimi hii kitu inaniuma kila nikiiona kwa keki za watoto. Ukilazimika kusimamisha umbo tumia kipande cha spageti mbichi, na bado umwambie mzazi iko hapo, spageti ni ngano na kuna watoto hawali ngano. Zile lulu za sukari ngumu za kufanya macho pia ziache kwa watoto wadogo, zinaweza kumkaba. Topa yenyewe ikikauka na CMC inakuwa ngumu, kwa watoto wadogo nawaambia wazazi waitoe juu waivunje vipande kwanza ama waiweke ya ukumbusho.

Na hizi poda za kung'aa, tafadhali. Ukiona imeandikwa haina sumu lakini haijaandikwa ya kuliwa wala haina orodha ya vitu vimetumika, hiyo ni ya kupambia maua ya sanaa. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto 6 waliugua kwa sherehe moja ya bathdei baada ya kula keki iliyopakwa poda ya kung'aa iliyojaa shaba, walianza kutapika muda mfupi tu baadaye. Kwa hivyo kama muuzaji wa mtaani amekupimia kwa karatasi bila lebo, usiitie kwa chakula cha mtoto wa mtu, hata kama inapendeza namna gani.

Kukausha sasa, hapa ndo kazi yako nzima itasimama ama kuanguka. Saa 48 zikiwa zimekaa wazi ndo nahesabu mimi kwa Kisumu, mvua ikiwa inanyesha kila jioni naongeza nusu siku. Ziweke kwa sponji safi iliyofunikwa na karatasi ya kuokea, ama waya wa kupozea keki, ndo hewa ipite chini pia, na siku ya pili uzigeuze zilale kwa ubavu kidogo, ndo chini ya visahani pia pakauke. Trei ya mayai nimeona watu wanatumia kukaushia vichwa, sipendi, ile trei imebeba mayai mabichi na uchafu wake. Chumba kisiwe jikoni. Sufuria ya githeri ikichemka masaa matatu mvuke wote unaenda kwa topa zako. Ziweke chumba cha kulala, feni ya chini ikizunguka polepole usiku kucha isizipulize moja kwa moja kwa karibu, na zifunike na neti ya chakula juu ya inzi na sisimizi. Juani usiweke, rangi inafifia na nje inakauka haraka kuliko ndani alafu inapasuka. Kama una oveni ya stima yenye taa unaweza kuziweka ndani imezimwa, taa pekee ikiwaka, mlango umeachwa wazi kidogo, ule ujoto mdogo unasaidia sana siku za mvua, lakini bandika karatasi kubwa kwa swichi uandike USIWASHE, na uwaambie watu wote wa nyumba kwa mdomo pia.

Zikishakauka zihifadhi kwa boksi la karatasi gumu, lile la keki, na tishu katikati. Boksi linapumua. Plastiki na friji hapana, hata usiku mmoja. Ukikaa na hizo topa wiki mbili tatu kwa boksi mahali pakavu hazina neno, kwa hivyo hakuna haja ya kukesha Ijumaa.

Kwa kapkeki zenyewe badilisha krimu. Batakrimu, yaani siagi iliyopigwa na aisingi shuga, ama ganashi iliyoshika, ile ya chokoleti na krimu, na batakrimu ya siagi tupu kwa joto la huku inalegea, changanya siagi nusu na mafuta ya kuganda nusu itakaa vizuri zaidi. Kama kastoma amesisitiza wipingi krimu, sawa, lakini paka chini ya kisahani chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa, safu nyembamba, iache ishike, ile iko na mafuta mengi, inazuia maji kupanda. Na topa ziwekwe mwisho kabisa, ikiwezekana penye sherehe iko. Mimi nabeba topa kwa boksi lake na kapkeki kwa lake, sijali ni tuktuk ya hapo Kondele ama matatu ya kwenda Kakamega, nikifika ndo nazipanga, dakika kumi tu.

Umeuliza kwa kupita tu kuhusu kastoma anayekutumia picha ya katuni ya TV akitaka hiyohiyo. Wale wahusika wana wenyewe, na ukiuza sura zao bila ruhusa unaingilia haki zao, kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hapa kwetu na michoro inalindwa ndani yake. Najua watu wanafanya kila siku. Mimi niliacha, na sikupoteza kastoma. Namwambia mama, mtoto anapenda nini kwa huyo katuni, rangi, mkia, kofia? Alafu namtengenezea mnyama wangu mwenyewe mwenye hizo vitu. Watoto wa Kisumu wameenda na shule Impala Sanctuary wameona wanyama kwa macho yao, wanajua kiboko wa Dunga, wanajua samaki ngege vile anakaa kwa sahani, wameambiwa hadithi za Sungura na Fisi na Kobe na nyanya zao, shosho ama dani. Kuna mtoto nilimtengenezea ngege wa bluu amevaa miwani, akakataa kabisa mtu yeyote amle, mamake akanitumia picha miezi miwili baadaye yuko bado juu ya televisheni.

Bei sitaingia sana. Jua tu topa moja ya kiboko kama hii, ukiwa bado unajifunza, ni dakika 20 mpaka 25, kwa hivyo 12 ni kama masaa matano ya mikono yako kando na kuoka. Topa ziandikie bei yake tofauti na kapkeki ndo kastoma aone analipia nini, na chukua dipoziti nusu kabla hujakata fondanti.

Oda yako ni Jumamosi, basi fanya hivi. Jumatatu usiku tengeneza fondanti na gundi uziache zilale. Jumanne changanya rangi zote, CMC, kata visahani 14 na utengeneze macho meusi. Jumatano unafanya vichwa, ukianza saa mbili asubuhi saa nane umemaliza hata ukiwa na mtoto mgongoni, jioni vimeshapandishwa kwa visahani. Fanya 14, usifanye 12, moja itaanguka na moja utataka kuigonga ujue kama ndani imekauka. Kuanzia hapo mpaka Ijumaa jioni usiziguse isipokuwa kuzigeuza. Ijumaa oka kapkeki, poda ya mashavu, boksi. Jumamosi asubuhi chukua ile ya kumi na tatu uivunje katikati. Ukisikia imekatika kama biskuti beba twende. Ukiona imepinda kwanza ndo ikavunjika, washa feni uziweke wazi masaa mawili matatu, visahani vikiangalia juu, na umpigie mama wa mtoto umwambie topa zitafika na wewe mwenyewe wakati wa kukata keki, si kabla.